Maombi ya kazi yanapokwama mtandaoni: kutafuta chanzo kuanzia kwenye dalili

Steshenari yangu iko jirani na stendi ya mabasi mjini Morogoro, na kila tangazo la nafasi za serikali linapotoka, benchi la nje hujaa vijana wenye bahasha za kaki mapajani. Wengi wao si wageni wa shughuli hii. Hufungua simu, huingia kwenye Ajira Portal, mfumo unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kunionyesha mstari mmoja ulioandikwa humo, kisha huuliza kosa liko wapi. Nimezoea kuwajibu kwa swali ambalo huwashangaza: akaunti hii ilifunguliwa lini, na ni nani aliyejaza? Dalili huonekana mwishoni, siku ya kutuma ombi au siku orodha ya walioitwa kwenye usaili inapotangazwa, lakini chanzo chake mara nyingi ni taarifa iliyojazwa kwa haraka siku ya kwanza, ikabebwa kutoka ombi moja hadi jingine bila mtu kuigusa. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili iliyoelezwa hapa ninarudi nyuma kwanza kabla ya kueleza namna ya kurekebisha.

Namba ya NIDA inakataliwa, au jina linalotokea si lile unalolitumia

Namba ya utambulisho wa taifa, inayotolewa na NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha kama umekosea kunakili au kama tatizo ni kubwa zaidi. Soma tarakimu hizo nane ukiwa umeshika cheti chako cha kuzaliwa. Zikilingana, basi huenda umeruka tarakimu moja au umebadilisha nafasi za mbili, na suluhisho ni kuiandika upya polepole kutoka kwenye kitambulisho chenyewe badala ya kutoka kwenye ujumbe wa zamani wa simu. Zisipolingana, kosa liko kwenye kumbukumbu za NIDA au kwenye cheti cha kuzaliwa, na hakuna kitufe chochote cha Ajira Portal kitakachoweza kulirekebisha.

Majina yana usumbufu zaidi kuliko tarehe. Karani wa shule aliandika Eria, karani wa NIDA akaandika Elia. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho kina matatu. Dada aliyeolewa alijiandikisha NIDA kwa jina la ukoo wa mumewe wakati vyeti vyake vyote vina jina la baba yake. Mwombaji huona kuwa ni yeye yule yule, na ni kweli, lakini mtu anayehakiki hana namna ya kujua hivyo isipokuwa kwa karatasi. Kama kosa ni la uandishi upande wa NIDA, nenda kwenye ofisi yao ya wilaya ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule uombe marekebisho. Kama umebadilisha jina kwa hiari, au majina yamepishana kiasi cha kuonekana watu wawili, mwone wakili akuandalie hati ya kubadili jina, ile ambayo wengi huiita didi poli, na uhakikishe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nimewaona watu wakifika kwenye usaili na karatasi iliyogongwa muhuri wa wakili pekee, wakidhani kazi imekwisha.

Mambo haya yote mawili huchukua muda, na matangazo mengi hukaa wazi kwa takriban wiki mbili tu. Yafanye wakati hakuna tangazo lolote.

Huwezi kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe

Hapa inanibidi niseme jambo lisilopendeza kuhusu kazi yetu sisi wenye steshenari. Mwombaji asiye na barua pepe anapokuja na haraka yake, mhudumu asiye makini humfungulia akaunti kwa barua pepe ya dukani, huweka nenosiri analolikumbuka yeye, kisha humkabidhi karatasi iliyochapishwa. Miezi minane baadaye nenosiri limesahaulika, kiungo cha kuliweka upya kinatumwa kwenye barua pepe ambayo mwombaji haijui, na mhudumu ameshahamia mji mwingine. Mwaka jana alikuja mama mmoja, mhitimu wa stashahada ya maendeleo ya jamii, ambaye akaunti yake ilikuwa imefunguliwa kwa namna hiyo katika duka moja la mkoa mwingine. Alikuwa ameitwa kwenye usaili, jina lake lilikuwa kwenye orodha, lakini namba yake ya usaili ilikuwa ndani ya akaunti asiyoweza kuifungua.

Ukijikuta katika hali hii, usikimbilie kufungua akaunti ya pili, kwa kuwa namba yako ya NIDA tayari imefungwa kwenye ile ya kwanza. Kwanza mtafute aliyekufungulia. Akikosekana, wasiliana na dawati la msaada la Sekretarieti ya Ajira kwa mawasiliano yaliyo kwenye tovuti yao, ukiwa na namba ya NIDA na maelezo mafupi ya kilichotokea. Ukishaingia, badilisha barua pepe na namba ya simu siku hiyo hiyo, weka zako, na nenosiri liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni kwamba barua pepe ifunguliwe kwenye simu yako mwenyewe kabla hujaingia dukani kwangu.

Matokeo ya kidato cha nne au cha sita hayaoani na uliyojaza

Namba ya mtihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ina sehemu tatu: namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Herufi ya mwanzo ina maana yake. S ni mtahiniwa wa shule, P ni mtahiniwa wa kujitegemea, na mwombaji anayeandika S mahali pa P anakuwa amejitambulisha kwa mtihani ambao hakuufanya. Waliorudia mtihani ndio wanaokosea zaidi, kwa sababu wana vyeti viwili na huona aibu kukionyesha kile cha kwanza. Vijaze vyote viwili. Somo ulilofaulu mara ya kwanza huenda halipo kwenye cheti cha pili, na anayekagua sifa hawezi kukupa alama ambayo hujaionyesha.

Aliyesoma nje ya nchi, kwa mfano aliyefanya kidato cha nne Kenya au kuchukua shahada Kampala, akumbuke kuwa cheti chake kinatakiwa kihakikiwe na mamlaka ya hapa: NECTA kwa sekondari, NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa astashahada na stashahada, na TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada. Kukipakia cheti bila ithibati hiyo ni kupoteza nafasi hata kama alama zake ni nzuri kuliko za wengine wote.

Faili linagoma kupanda

Hili ni tatizo dogo linalotisha watu kupita kiasi. Ama faili ni kubwa kuliko kiwango kilichoandikwa karibu na kitufe, ama si PDF, ama mtandao umeelemewa kwa kuwa ni jioni ya siku ya mwisho na nchi nzima iko humo. Cheti kikiskaniwa kwa kiwango cha chini kidogo cha ubora, bado husomeka na faili hupungua sana uzito. Kubwa kuliko uzito ni sura ya faili lenyewe. Nimefungua viambatisho ambavyo cheti cha chuo kimepigwa picha juu ya shuka lenye maua, kidole gumba kimeziba daraja la ufaulu na kivuli cha simu kimelala juu ya muhuri. Mfumo uliipokea picha hiyo bila kulalamika, na mwombaji akadhani kwamba kupokelewa ni kukubaliwa.

Hukuitwa kwenye usaili, na sababu imeandikwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi na mteja, kwa sababu ndipo hasira inapokuwa kubwa na ndipo dawa inapopatikana kwa urahisi zaidi. Mtu akikosa jina lake kwenye orodha husema ni koneksheni. Siwezi kumwapia kwamba hakuna upendeleo popote duniani. Ninachofanya ni kumwomba afungue sehemu ya maombi yake, ambapo hali ya kila ombi huonyeshwa na aliyeachwa mara nyingi huandikiwa kwa nini, kisha tunaifungua barua yake pamoja na kuisoma mstari kwa mstari.

Barua ndiyo inayoangusha wengi. Matangazo husema waziwazi kwamba barua ya maombi iwe imesainiwa na ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kijana huandika barua kwenye kompyuta, akaigeuza kuwa PDF moja kwa moja, akaacha nafasi nzuri nyeupe juu ya jina lake na asitie saini. Au saini ipo, lakini barua inamwendea mkurugenzi wa halmashauri kwa sababu nafasi ni ya halmashauri. Au, na hili nimeliona mara nyingi kuliko yote, ni barua ya mwezi Machi aliyoombea nafasi ya mtunza kumbukumbu, imetumwa tena mwezi Agosti kwa nafasi ya msaidizi wa hesabu, na kichwa cha habari hakikubadilishwa. Utaratibu ninaoufuata ni wa kizamani: chapisha, weka tarehe, saini kwa kalamu, skani, lifungue faili ulilopata na kulisoma, ndipo ulipakie. Barua moja kwa kila nafasi.

Kiambatisho kisicho sahihi ni sababu ya pili. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, matokeo ya muda na barua za shule za kuthibitisha masomo hazikubaliwi mahali panapotakiwa cheti, na matangazo hulisema hilo kwa herufi kubwa. Mhitimu wa mwaka huu ambaye chuo bado hakijampa cheti hupakia orodha ya alama za kozi mahali pa cheti, akitumaini itaeleweka. Haieleweki. Karatasi hizo mbili huenda pamoja, kila moja mahali pake. Cheti cha kuzaliwa nacho huombwa kikiwa kimethibitishwa na wakili au mwanasheria, na watu hupakia nakala tupu.

Sababu ya tatu ni kutosoma sifa za kada hadi mwisho wa sentensi. Chukua nafasi ya Dereva Daraja la II, ambayo hutangazwa mara kwa mara. Sifa yake huwa ni cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Alikuja kaka mmoja aliyeendesha lori kati ya Msamvu na Ifakara kwa miaka mingi, ameomba mara tatu na kuachwa mara tatu. Leseni yake ilikuwa sawa kabisa. Tulipokuza picha aliyoipakia, sehemu yenye daraja la leseni ilikuwa imekatwa ukingoni, na cheti cha mafunzo ya udereva alikuwa amekiweka kwenye sehemu ya warsha na semina, ambako huenda hakuna aliyekitafuta. Tulitumia dakika 20 kurekebisha yote mawili. Mwenye taaluma inayosimamiwa na bodi au baraza, kama uuguzi, famasi au uhandisi, ana mtego unaofanana na huo: leseni au usajili wake huwa umeisha muda, au upo lakini haukupakiwa mahali pa vyeti vya kitaaluma.

Jingine ni jina la kozi. Unapojaza elimu, kozi huchaguliwa kutoka kwenye orodha, na mwombaji asiye na subira huchukua ile inayofanana kidogo na yake. Aliyesoma uhasibu na fedha akachagua usimamizi wa biashara anaweza kuonekana hana sifa ya nafasi ya uhasibu ingawa cheti kilichoambatishwa kinasema vingine. Jina lililo kwenye cheti ndilo la kulitafuta, neno kwa neno, hata kama orodha ni ndefu.

Mfumo unaonyesha kuwa hustahili kabisa

Hapa angalia umri na hadhi yako ya ajira kabla ya kuangalia kingine. Matangazo mengi huweka ukomo wa miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Mtumishi wa umma aliyejiendeleza na anataka kuhamia kada nyingine hupitisha barua yake kwa mwajiri wake, na akiruka hatua hiyo ombi huanguka. Mwenye ulemavu anatakiwa aeleze hivyo kwenye mfumo; wengine huficha kwa kuhofia kubaguliwa, matokeo yake hufika kwenye chumba cha usaili ambako hakuna aliyejua kuwa wangehitaji msaada.

Umetuma barua pepe kwa kampuni binafsi na hakuna anayejibu

Nje ya serikali hakuna ukurasa wa kukuambia sababu, kwa hiyo uchunguzi unafanywa kwa kujikagua. Fungua sehemu ya barua zilizotumwa na uisome barua yako kana kwamba wewe ndiye mwajiri. Je, kichwa cha barua kina jina la nafasi na namba ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye tangazo, au kimeandikwa "kazi" tu? Je, ndani kuna maneno yoyote, au ni viambatisho tisa vya picha kutoka WhatsApp bila salamu? Je, anwani yako ni jina lako, au ni lile jina la utani ulilojipa ukiwa kidato cha pili? Niliwahi kumkuta mtu ametuma barua moja kwa kampuni 14 kwa pamoja, anwani zote zikionekana juu, kila mwajiri akiona wenzake wanaochumbiwa kwa maneno yale yale.

Wasifu, yaani CV, uliopambwa kwa safu mbili, nyota za kupima ujuzi na picha kubwa hupendeza machoni, lakini kampuni kubwa nyingi hutumia programu ya kuchuja inayosoma maandishi tu, na mapambo hayo huweza kuvuruga mpangilio wa maneno. Weka maandishi ya kawaida, safu moja, katika faili moja la PDF lenye jina lako. Ukiweka kiungo cha faili lililohifadhiwa mtandaoni, kifungue kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, kwa kuwa mara nyingi mwajiri hukutana na ukurasa unaomtaka aombe ruhusa, naye hataomba. Wadhamini nao wapigiwe simu kabla hujawaandika. Mdhamini anayejibu "nani huyo?" amemaliza habari.

Umeitwa, lakini mambo yanakwenda kombo

Katika usaili wa serikali, angalia kwanza mkoa uliojaza kama makazi yako ya sasa. Usaili wa walimu na wa kada nyingine umekuwa ukifanyika mikoani kufuatana na taarifa hiyo, na aliyehama Mbeya kwenda Dodoma bila kuihuisha hujikuta amepangiwa Mbeya na nauli hana. Siku ya kwenda, beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho kinachotambuliwa, na namba yako ya usaili uwe umeinakili kutoka kwenye akaunti siku moja kabla, kwa sababu asubuhi hiyo mtandao una watu wengi.

Dalili ya mwisho ni simu kutoka kwa mtu mwenye sauti ya upole anayejua jina lako kamili, anayesema umeshapata kazi na kinachobaki ni ada ya fomu, vipimo vya afya au sare. Ajira Portal haina malipo katika hatua yoyote, na taarifa zake hutoka kwenye akaunti yako na kwenye tovuti inayoishia na .go.tz. Akikuuliza nenosiri, kata simu na ulibadilishe kabla hujafanya lolote jingine. Akitaja taarifa ambazo zimo kwenye wasifu wako tu, jiulize ulizichapisha wapi na karatasi zilizoharibika zilibaki kwa nani. Dukani kwangu nimeweka ndoo ya kuchania nakala mbovu, na mteja huchana mwenyewe kabla hajaondoka.